"Nimepita Medikali": Uongo Tuliolala Nao Kambini

Wadogo zangu, mtacheka mkisikia nimestaafu. Nina miaka thelathini na mbili, meno yote yapo, na ni goti moja tu linalolia nikipanda ngazi. Lakini miaka tisa ya kuwa bosi wa kambi inamzeesha mtu. Nimerudisha funguo, nimekabidhi daftari, na sasa nakaa Najma, mtaa wa hapa Doha, chumba kilicho juu ya duka la mikate, nikingoja karatasi zangu za kurudi Molo nikafungue la kwangu. Kila asubuhi harufu inapanda dirishani, nami nalala pale nikipanga rafu kichwani: mikate ya iliki upande huu, skonzi upande ule. Hiyo ndiyo furaha yangu. Haya ninayowaandikia si furaha. Nisipoyasema kabla sijaondoka yatanifuata mpaka kwenye unga.

Nawaandikia nyinyi ambao viza zenu zimetoka juzi, mnaokuja kulinda milango, kuendesha magari, kutandika vitanda vya hoteli. Hasa nyinyi wanaume. Na kati yenu, hasa wale wenye mke au mchumba nyumbani, ambao mkifika huku mnajikuta na mwanamume mwenzenu, kisha mnasema hiyo haihesabiki. Usifunge simu. Sijaja kukuhukumu. Nimewafungia watu mabegi mpaka nguvu ya kuhukumu imeniishia. Hasira yangu ni nyingine.

Kwanza mjue kazi yenyewe. Kampuni ikiwa na walinzi wengi inawakodishia jengo, na jengo linataka mtu. Letu lilikuwa Muaither, nje kidogo ya Doha, ghorofa tatu, na mtu huyo ni mimi. Unagawa vitanda. Unaita fundi AC ikifa. Unaamua kesi ya nani alikula mboga ya nani. Hakuna shule ya kazi hii, kwa hiyo chukueni za bure: mwenye goti bovu mpe kitanda cha chini. Wawili wa kijiji kimoja usiwaweke chumba kimoja, maana wake zao wakigombana kisimani, vita vinafika Doha kwa simu kabla ya jioni. Na Mganda na Mkenya wakianza kubishana kama sima ile ile inaitwa posho au ugali, waache, hapo wanapendana.

Kila kitanda cha kambi kina pazia. Kampuni haikuletei, mtu ananunua kitambaa chake, anafunga kamba, na nafasi ya godoro moja inakuwa nyumba. Mle ndani anaongea na mkewe, analia, anaomba, anakula biskuti asizotaka kugawa. Aliyenifundisha kazi alikuwa mzee wa Kipakistani tuliyemwita Baba Nazir, mtu wa kambi tangu mimi nikinyonya. Siku yangu ya kwanza nilivuta pazia la mtu nikitafuta shuka iliyopotea. Akanishika kola.

"Beta," akaniambia, yaani mwanangu kwa lugha yao, "pazia ni mlango. Gonga chuma cha kitanda, hesabu tano. Halafu kohoa. Halafu ndio uite jina."

"Na asipojibu?"

"Basi shuka haijapotea. Nenda."

Tuliongea Kiarabu cha kuokota, mimi naye, lakini tulielewana. Mwezi wa pili niligonga chuma, nikahesabu tano, nikakohoa, na macho yangu yakashuka yenyewe. Chini ya pazia moja kulikuwa na miguu minne. Nilirudi ofisini nimechanganyikiwa. Baba Nazir alikuwa anamenya chungwa.

"Umeona miguu mingapi?"

"Minne."

"Hapana. Miwili. Hesabu yako ni mbaya, beta, rudi shule."

Sheria ya nchi hii juu ya jambo hilo mnaijua, na kama hamuijui, ni jela. Mzee yule alikuwa anawalinda watu kwa njia aliyokuwa nayo. Nikajifunza kutohesabu. Mpaka leo nampenda kwa hilo. Lakini kuna kufunga macho na kuna kufunga mdomo, na sisi tulifunga vyote viwili kwa kitasa kimoja. Hapo ndipo tulipokosea, na mimi nilikosea kuliko yeye, kwa sababu mimi niliandika.

Ngoja niwaeleze neno "medikali".

Ukifika Doha, kabla hujapewa kitambulisho cha ukaaji, unapimwa damu na kupigwa picha ya kifua. Ukikutwa na virusi vya ukimwi, hakuna kazi, unarudi kwenu. Ukipita, mnanunuliana soda. Sasa watu wetu wakapiga hesabu: kila aliye hapa amepimwa, kwa hiyo kila aliye hapa ni mzima. Ni hesabu tamu. Inaharibika tu ukikumbuka kwamba mtu hupimwa siku moja, halafu anaishi siku elfu mbili. Kwa walinzi wetu, mtu aliweza kukaa miaka bila kuchomwa sindano tena, na bado anajipiga kifua: "Mimi nimepita medikali." Ukimuuliza lini, ni lini hata picha yake ya kitambulisho haifanani naye tena.

Siku moja afisa wa usalama kazini akaniletea karatasi ya Kiingereza kuhusu virusi, akasema niigeuze Kiswahili niibandike kwenye ghorofa yetu sisi wa Afrika Mashariki. Mimi na kidato changu cha pili nikajiona profesa. Karatasi ilisema, kwa ufupi, kwamba yeyote unayefanya naye mapenzi, awe nani, tumia kinga. Nikaandika: "Usilale na mtu ovyo ovyo." Nikasoma. Nikaona watanicheka, kwa sababu kambini "kulala na mtu" maana yake ni kukaa naye chumba kimoja. "Siku hizi unalala na nani?" "Nalala na Mutuku na wale Waganda wawili." Hakuna anayetabasamu. Nikiandika usilale na mtu, chumba cha watu kumi wataniuliza walale wapi, barazani?

Kwa hiyo nikafuta "mtu". Nikaandika "mwanamke". "Usilale na wanawake wa mjini bila mpira. Sisi humu wote tumepita medikali, tusilete ugonjwa kutoka nje." Nikachora mwanamke wa viatu virefu amesimama mbele ya fleti, watu wajue ni zile za mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, wanakofuata wanawake. Kiatu kilinitoka vizuri sana. Nilikitazama kwa kiburi, nikabandika karatasi kando ya friji, mahali ambapo kila mtu lazima apite. Ikakaa pale miaka minne.

Someni tena nilichoandika, kwa sababu mimi sikukisoma tena mpaka nilipolazimishwa. Niliwaambia wanaume wangu kwamba hatari ina kisigino kirefu na iko nje ya geti. Niliwaambia ndani ya geti ni salama. Niliwaambia hivyo nikijua miguu niliyoiona.

Ouma alikuwa mtu wa Busia, mlinzi wa duka kubwa, mpole, mwenye mchumba kwao. Alikuwa na pasi yake mwenyewe na alinyoosha sare za chumba kizima bila kuombwa, akiimba nyimbo za kanisa kwa pua. Akapata kazi bora, stoo ya jikoni kwenye hoteli. Tulimpigia makofi. Kazi ya chakula inataka damu ipimwe upya. Akaenda Jumapili akitania kwamba wataishiwa na sindano kwa mikono yake migumu.

Jumanne asubuhi akarudi na mandub, yule mtu wa kampuni anayeshughulikia karatasi za serikali. Mandub akaniambia nimfungie mabegi, wanaondoka kabla ya adhuhuri.

Begi la mtu anayeondoka ghafla lina utaratibu wake. Simu na chaja vinabaki mkononi. Vyeti ndani ya nguo za katikati, visilowe wala visikunjike. Viatu chini. Sare unatoa, ni za kampuni. Zawadi za watoto juu kabisa, ili akifungua nyumbani kitu cha kwanza kionekane ni hicho. Nilifanya vyote hivyo kwa ustadi. Ouma alikaa kitandani akinitazama.

"Bosi, mimi nilipita medikali," akasema.

"Najua."

"Nilipita, Bosi. Wewe mwenyewe ulikuwa na karatasi yangu."

Alisema mara tatu, kama mtu anayemwapia askari kwamba leseni anayo, ameisahau tu nyumbani. Na mimi, jamani, nilifunga zipu. ARV tunazijua sote, nani kwetu hana shangazi au mjomba anayemeza vidonge na bado analima? Ningeweza kumwambia, Ouma, ukifika anza dawa, utaishi, utaoa, utazeeka. Sentensi moja. Nilimwambia, "Begi la pili usilizidishe uzito."

Hata gari halijamaliza kukunja kona, chumba chake kilianza usafi. Wakatoa sahani yake, kikombe chake, godoro. Kisha nikaona mtu anatembea na pasi, mkono ameuvika mfuko wa plastiki.

"Hiyo inaenda wapi?" nikauliza.

"Jalalani, Bosi. Hiki kitu kinaweza kuambukiza kwa mvuke."

"Mvuke gani?"

"Si mvuke wa pasi! Tumevaa hizo sare, Bosi. Tumeisha."

Mvuke! Miaka mitatu wamenyooshewa mashati bila kusema asante, leo mvuke. Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga mtu. Na miongoni mwa waliosimama pale wakishikilia pua kulikuwa na miguu ambayo niliwahi kutoihesabu. Wao ndio walisema kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mutuku hakubeba kitu. Mutuku ni wa Makueni, mtu wa mizaha, ndiye aliyenibatiza jina la Waziri wa Vitanda. Amekaa Doha miaka sita. Alikuwa na likizo yake ya kwanza ndefu, anaondoka baada ya siku tisa, na kambi nzima ilijua kwamba yeye na mkewe, Mama Mwende, wanatafuta mtoto wa pili. Alituonyesha mpaka viatu vya mtoto, mtoto asiyekuwepo bado. Mchana huo akaingia ofisini, akafunga mlango, hakunitania.

"Ouma. Ni ile?"

"Si yangu kusema, Mutuku."

"Kambi yote inasema. Mimi nakuuliza wewe."

Nikainamia daftari, naye akaelewa.

Akakaa kwenye ndoo ya rangi iliyokuwa kiti cha wageni. "Kwa yule dada wa Bin Mahmoud nilitumia mpira kila siku. Haki ya Mungu. Hata mara moja sikukosa."

"Na kwa Ouma?"

"Ouma ni mwanamume."

"Najua ni mwanamume."

"Sasa? Si wewe uliandika, Bosi? Mwanamke, mwanamke wa mjini. Uliandika mwanamume wapi? Na Ouma alipita medikali kama mimi. Humu ndani wote tumepita, uliandika hivyo, na kale kaviatu kako ukachora."

Nikageukia mlango, upande wa ile friji.

"Na usiniite lile jina," akasema. "Mimi si hivyo. Nina bibi na mtoto. Haya ni ya kambi tu."

"Sijakuita jina lolote."

"Unaniangalia nalo."

Nilitoka nikaenda kando ya friji nikaichana ile karatasi. Ilichanika vibaya, kiatu kikabaki ukutani, nikakikwangua kwa kijiko. Kesho yake nikampelekea afisa wa usalama maneno mapya, yanayomtaja mwanamume na mwanamume. Akayasoma akiwa amesimama, akaangalia mlango, akanirudishia. "Hii huwezi kubandika ukuta wowote wa nchi hii," akasema, "na mimi sijaiona." Ukuta ukabaki na alama ya gundi. Ndiyo maana nawaandikia kwenye simu.

Kuna muuguzi wa kwetu, Sista Kerubo, tunayesali naye kanisani Ijumaa, maana huku ndiyo siku ya mapumziko. Ni mfupi, ana sauti ya kufukuza ng'ombe shambani. Ijumaa hiyo nilimwomba tuonane baada ya ibada, karibu na kwake Fereej Bin Mahmoud, kwenye mkahawa wa chai ya maziwa. Mutuku alikuja amevaa kofia mpaka kwenye nyusi.

"Toa kofia, unaonekana mwizi," Sista akamwambia. "Na mwache kunong'ona. Mtu akinong'ona ndipo watu wanatega sikio. Ongeeni kama watu wanaopanga harusi."

Mutuku akaeleza. Nusu ya kwanza aliieleza chai, hakumwangalia Sista. Alipomaliza, nilitegemea tusi au mstari wa Biblia. Sista akauliza, "Mlitumia mafuta gani?"

Mutuku karibu ameze kikombe. "Sista!"

"Nimeuliza mafuta. Wewe umekuja kwa muuguzi au kwa kasisi?"

"Ya... ya kupikia. Saa zingine ile losheni."

"Sawa. Siku ukiwa na mpira, hayo yanaupasua kama puto. Kuna vilainishi vya maji, hivyo ndivyo vinakaa na mpira. Sasa sikiliza. Virusi havina habari kama wewe una bibi, au unajiita nani, au haya ni ya kambi. Vinatafuta njia. Na kwa nyuma bila mpira ndiyo njia iliyo pana kuliko zote, ngozi ya pale ni nyembamba, inachubuka upesi. Nyinyi mmevaa mpira mahali penye hatari ndogo mkauvua mahali penye hatari kubwa. Mmeruka majivu mkakanyaga moto. Ni nani aliwafundisha hivyo?"

Mutuku akaniangalia. Mimi nikaangalia barabara.

"Mara ya mwisho na Ouma lini?"

"Wiki tatu."

"Basi dawa ya dharura imekupita. Hiyo PEP inaanzwa ndani ya siku tatu, na mapema ndio bora. Kuna PrEP pia, ya mtu ambaye hana virusi na anajua maisha yake yalivyo, anameza kabla. Kliniki za kwetu zinatoa. Wewe sasa ni kupima, na ukiwa mzima unarudia baada ya miezi mitatu, maana kipimo kinajua ya zamani, hakijui ya jana."

"Nikipima hapa nikikutwa, ninapakiwa kama Ouma."

Sista akakoroga chai ambayo sukari ilikuwa imeyeyuka zamani. Alikuwa na hasira, na kwa mara ya kwanza haikuwa juu yetu.

"Upime nyumbani basi," akasema. "Kabla hujamgusa Mama Mwende. Si baada."

"Anakuja uwanja wa ndege, Sista! Ameshona nguo, amekodi gari, anakuja na mama yangu. Tunatafuta mtoto. Nikitoa mpira ataniuliza una mwanamke gani."

"Atauliza. Hata mimi ningeuliza."

"Nimwambie nini?"

"Kiasi cha ukweli unachoweza kubeba. Lakini usimtafutie mtoto na jibu hulijui. Hiyo itakuwa dhambi ya kweli, hizi nyingine mtaongea na Mungu."

Mutuku akageuza kikombe. "Huyu Ouma ameniua."

"Wewe umejuaje?" Sista akamjibu haraka. "Umepimwa? Pengine wewe ndiye uliyempa. Miaka sita hujapima, ati umepita medikali. Labda yeye ndiye angekuwa amekaa hapa akilia Mutuku ameniua."

Mutuku akarudisha kofia kichwani.

Siku zilizobaki zilikuwa mbaya. Asubuhi Mutuku anasema atapima, jioni anasema potelea mbali, yeye ni mzima, anajisikia, anakula vizuri. Nina aibu kuwaambia nilichofanya siku ya saba. Bosi wa kambi ana daftari la jamaa wa karibu, namba za wake na wazazi, kwa ajili ya ajali. Nikamwambia, "Usipomwambia Mama Mwende, namba yake ninayo." Mutuku aliniangalia kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Nilimweleza Sista nikitegemea sifa. Alinikaripia mpaka simu ikapata joto: daftari la ajali si fimbo, siri ya mtu si yako, ukimtisha ataficha zaidi, na wewe ndiye utakuwa umemsukuma. Nikarudi kwa Mutuku kuomba msamaha.

"Umeshaniomba msamaha wa ile karatasi," akasema, "sasa huu wa pili. Weka kwenye daftari."

Aliondoka Alhamisi, viatu vya mtoto juu kabisa ya begi. Nilimfungia mimi. Hakuniambia ameamua nini.

Wiki ya tatu, saa nne asubuhi, simu ikalia namba ya Kenya.

"Wewe ndiye bosi wa kambi? Mimi Mama Mwende."

"Shikamoo, Mama Mwende." Sijui kwa nini nilimwamkia hivyo, tuko rika moja.

"Wacha shikamoo, shemeji. Wewe ndiye ulikuwa unampa mume wangu kitanda. Ulijua?"

"Nilijua. Nikachelewa."

Basi alinipasha. Wadogo zangu, nimetukanwa kwa lugha saba katika kazi hii lakini sijawahi kutukanwa na mtu mwenye haki namna ile. Kwamba kila Ijumaa tunawapigia simu tukiwaambia tunawaombea. Kwamba tunawauliza kama wanajitunza! Kwamba yeye miaka sita amekuwa akikagua hata namna anavyocheka na mwenye duka asije akasemwa, na sisi huku tunafundishana kwa kuchora viatu. Mutuku alikuwa amemweleza hata kiatu.

Kisha akapunguza sauti. Mutuku alimwambia pale pale uwanja wa ndege, mama mkwe akiwa bado anashangilia: kabla ya nyumbani, twende hospitali. Wakaenda na nguo mpya. Yeye, Mama Mwende, hana kitu. Mutuku ana virusi.

"Ameanza vidonge siku hiyo hiyo," akasema. "Daktari anasema akimeza kila siku mpaka virusi visionekane kwenye kipimo, hataniambukiza, hata mtoto tutapata. Sijaamua kama namtaka huyo mtoto. Sijaamua kama namtaka mwenyewe. Ameniambia yote, na mwanamume na mwanamke, akiwa amekaa kwenye jiwe la kufulia. Nilitaka kulivunja hilo jiwe. Lakini kikombe chake nakiosha, kikombe hakijanikosea."

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Na yule mwingine?" akauliza.

"Nani?"

"Huyo Ouma. Anameza dawa?"

"Sijui."

"Hujui? Mwezi mzima? Si ulimfungia begi kwa mkono wako?" Nilimsikia akivuta pumzi. "Nimemchukia, shemeji, usifikiri nimekuwa malaika. Kila asubuhi namchukia kabla ya chai. Lakini yeye hana mtu wa kumwambia twende hospitali. Mpigie." Akakata.

Nilikaa na simu mkononi. Miaka tisa. Nilijaribu kukumbuka wote niliowafungia mabegi kwa sababu ya damu, nikakumbuka majina ya baadhi, vitanda vya wengine, na nikakumbuka kwamba sikuwahi kumpigia hata mmoja. Daftari la jamaa wa karibu nilikuwa nimelikumbuka mara moja tu, kumtishia mtu.

Nikapiga namba ya kwao Ouma; alipokea mama yake, akamwita kutoka nje. Nilisikia ndala zikija.

"Bosi? Niliacha nini huko?"

"Hujaacha kitu, Ouma. Nakuuliza kama umeanza dawa."

Ndala zikasogea mbali na mama yake. "Bado," akasema. "Kliniki ya hapa, karani ni binamu ya mchumba wangu."

"Na mchumba?"

"Nimemwambia mkataba uliisha. Tunakutana kanisani tu. Namkwepa, Bosi, anafikiri nimepata mwingine."

"Basi usiende ya hapo. Nenda Bungoma, hakuna anayekujua. Jumatatu."

"Peke yangu?"

"Nitakuwa kwenye simu."

"Wewe utapiga kweli?" Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa anataka kujua tu.

Jumatatu niliwaambia kambini AC zisubiri, mboga za watu zisubiri. Saa mbili asubuhi nikapiga. Alikuwa amekaa kwenye benchi, akaniambia kwa kunong'ona ni wa nne kutoka mlangoni. Nikamwambia asinong'one, aongee kama mtu anayepanga harusi. Akacheka kidogo, kwa pua. Wa tatu. Hatukuwa na la kusema zaidi, na hatukukata. Nilisikia mtoto akilia, nesi akigomba, benchi likisogezwa. Mimi Muaither, yeye Bungoma, tukakaa hivyo mpaka nikasikia wakiita jina lake.